Kiangazi na Gharika: Jinsi Watu wa Kajiado na Kitengela Wanavyoipima Hatari



Nimepewa nafasi niseme machache juu ya jambo linalomgusa kila mtu wa Kajiado, mwenye ng'ombe na asiye na ng'ombe, mwenye boma na mwenye nyumba ya mawe. Jambo lenyewe ni hatari zitokazo mbinguni, yaani kiangazi kiuacho mifugo na mvua kubwa ibomoayo nyumba. Sitasema sana juu ya mawingu na upepo, maana kazi hiyo ina wataalamu wake. Nataka tujitazame sisi wenyewe: jinsi tunavyoipima hatari kabla haijafika, kwa nini huyu huondoka mapema na yule hungoja, na mambo gani yafaa kutendwa.

Nina sababu ya kulichagua jambo hili. Watu wa mjini wakiona mizoga ya ng'ombe kando ya barabara ya Namanga husema kwamba mfugaji ni mkaidi, kwani angaliuza mapema asingalipata hasara. Wafugaji nao wakiona nyumba zimesimama ndani ya mkondo wa maji husema kwamba watu wa mjini hawana macho. Kwa maoni yangu kila upande waukosea mwenziwe haki. Hapana mtu apendaye kupoteza mali yake. Mtu akingoja, ana hesabu yake moyoni, na asiyeijua hesabu hiyo hawezi kumshauri akasikilizwa.

NCHI YENYEWE

Kaunti ya Kajiado ni pana, karibu kilomita za mraba 21,900. Mvua zake ni za misimu miwili: masika, kuanzia Machi hata Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hata Desemba. Lakini hazinyeshi sawasawa kila mahali. Katika miteremko ya Kilimanjaro, upande wa Loitokitok, na katika vilima vya Ngong, mvua ya mwaka yaweza kupita milimita 1,000. Katika bonde la Amboseli na upande wa Magadi yaweza kuwa theluthi tu ya kiasi hicho. Tena hata katika mahali pamoja, mwaka huu si mwaka ule. Ndiyo maana wazee wa Kimaasai hawakujenga maisha yao juu ya mvua ya wastani. Walijua kwamba wastani ni kitu cha karatasini, wala ng'ombe hali wastani.

Kitengela ni uwanda, na sehemu kubwa ya uwanda huo ni udongo mweusi wenye kunata. Wakati wa kiangazi udongo huu hukauka ukapasuka nyufa hata mtoto aweza kutia mkono ndani. Mvua ikija, nyufa hujifunga, udongo huvimba, na maji huzama polepole sana; yaliyobaki husimama juu au hutafuta njia ya kwenda mtoni. Mito ya Kitengela na Mbagathi hupeleka maji hayo katika mto Athi. Asiyeujua udongo huu akaja kutazama kiwanja mwezi wa Februari, ataona mahali pakavu, pagumu, pazuri kwa nyumba. Udongo haumwambii neno.

MAARIFA YA WAZEE

Kabla ya kuwapo kituo chochote cha kupima mvua, watu wa nchi hii walikuwa na njia zao. Wamaasai walizitazama nyota ambazo wao huziita Inkokua, na sisi kwa Kiswahili twaziita Kilimia. Kuonekana kwake na kupotea kwake upande wa magharibi kuliwaonyesha mwanzo na mwisho wa misimu. Walitazama pia upepo, miti itoayo maua, wadudu, na hata matumbo ya mbuzi aliyechinjwa. Baadhi ya dalili hizo zina maana hata leo, kwa kuwa miti na wadudu huuhisi unyevu wa hewa mapema. Nyingine hazithibitiki. Lakini faida moja yapaswa kukumbukwa: dalili hizo ziliwafanya wazee wakutane, waulizane, na kutuma vijana kwenda kutazama malisho ya mbali kabla ya kuhamisha ng'ombe. Kijana aliyetumwa alirudi na habari aliyoiona kwa macho yake. Mashauri yalifanywa mapema, wala hayakungoja ng'ombe aanguke.

Kisha zilikuwako kinga tatu. Ya kwanza ni kuhama: mvua ikikosa huku, watu huenda kule ilikonyesha. Ya pili ni olopololi, yaani malisho yaliyowekwa akiba karibu na boma kwa ajili ya ndama na wanyama wadhaifu, wala hayaguswi katika miezi ya neema. Ya tatu ni osotua. Neno hili lina maana ya urafiki mkubwa wenye wajibu. Mtu mwenye osotua na mwenziwe akipatwa na shida humwomba, na mwenziwe humpa kwa kadiri ya haja yake, maadamu mwenyewe hataangamia kwa kutoa. Hilo si deni lenye siku ya kulipwa. Na kwa kuwa marafiki hao mara nyingi walikaa mbali mbali, kiangazi kilichompiga mmoja hakikumpiga mwingine kwa nguvu ile ile. Makampuni ya bima yafanya biashara kwa kanuni hiyo hiyo ya kugawana hasara, ila wazee waliifanya bila karani wala muhuri.

KIANGAZI KILICHOVUNJA MIPANGO

Hata hivyo, kuna miaka iliyoshinda kinga zote. Katika miaka ya 1890 na kitu, maradhi ya sotoka yaliua ng'ombe, ndui ikaua watu, na njaa ikafuata. Wamaasai huzikumbuka siku hizo kwa jina la Emutai, yaani maangamizi. Kiangazi cha 1960 na 1961 nacho kiliua sehemu kubwa ya ng'ombe wa Kajiado. Kabla ya hapo, mwaka 1954, serikali ya kikoloni ilikuwa imeanzisha mpango wa malisho katika sehemu ya Ilkisongo, wenye mipaka ya kuchungia na hesabu ya mifugo. Mpango huo ulikwenda vema maadamu mvua ilinyesha. Kiangazi kilipozidi, ukavunjika. Fundisho lake ni jepesi kusemwa na gumu kushikwa: mpango uliopimwa kwa miaka mizuri hauwezi kuusimamia mwaka mbaya.

Tena angalieni jambo la ajabu. Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1961, nchi iliyokuwa imekauka ikapigwa na mvua isiyo na kifani. Mito ikafurika karibu kila upande wa Kenya, na katika miaka iliyofuata maji ya Ziwa Victoria yakapanda yapata mita mbili. Kwa hiyo wale waliosema, "Nchi yetu ni ya ukame, gharika haituhusu," waliipata gharika kabla hawajamaliza kulia kwa ajili ya ukame. Hatari hizi mbili si maadui. Ni ndugu, na mara nyingi hufuatana mlangoni.

Sababu yake twaijua leo zaidi kuliko wazee walivyoweza kuijua. Maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yakipata joto kuliko kawaida, na yale ya upande wa Indonesia yakipoa, mvua za vuli katika nchi zetu huongezeka mno. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, na 1997, na 2019, na 2023. Hali hiyo ikigeuka, vuli hukosa. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha katika sehemu nyingi kavu za Kenya, na hadi mwanzo wa 2023 mifugo zaidi ya milioni mbili ilikuwa imekufa nchini. Mwaka 2023 haukuisha kabla vuli yake haijaleta mafuriko.

KWA NINI MFUGAJI HUNGOJA

Sasa na tumwulize mfugaji: Kwa nini hukuuza mapema? Atakujibu kwa hesabu.

Mtu mwenye ng'ombe 100 akipoteza 70, atabaki na 30, na kwa hao aweza kuanza tena. Mwenye ng'ombe 10 akipoteza 7 atabaki na watatu, naye ameanguka katika umaskini. Basi mfugaji huona kwamba wingi wa ng'ombe ndio bima yake. Tena, akiuza mwezi huu na mvua ikanyesha mwezi ujao, amejidhulumu, kwa kuwa baada ya mvua bei hupanda, naye hawezi kununua ng'ombe wale wale kwa fedha aliyopata. Na jike mwenye mimba si shilingi tu. Ni maziwa ya watoto na mahari ya kijana.

Hesabu hiyo si ya kijinga. Kosa lake ni moja: yadhani kwamba soko litamngoja. Kumbe wote wakiamua kuuza juma moja, bei huanguka kama jiwe. Mwaka 2009 watu wengi waliliona jambo hili kwa macho yao. Kiangazi kilikuwa kikali, na ng'ombe wa Kajiado waliingia hata katika njia za Nairobi wakitafuta majani. Serikali ikatoa fedha ili ng'ombe waliodhoofika wanunuliwe kwa shilingi 8,000 kila mmoja na kupelekwa katika kiwanda cha nyama cha Athi River, ambacho ni cha Kenya Meat Commission. Lakini wengi walikuwa wamechelewa. Ng'ombe walifika hawana nguvu ya kusimama, na wengine walikufa nje ya lango wakingoja zamu. Mnyama aliyekuwa mali mwezi wa Mei, mwezi wa Septemba alikuwa mzigo wa kuzikwa.

Kwa hiyo jambo la kumwuliza mfugaji si kama atauza au hatauza. Tumwulize atauza wangapi, na atauza lini. Asiyeuza hata mmoja huweka kila kitu mikononi mwa mawingu. Auzaye madume na majike wazee mapema, wakiwa na nyama mwilini, hupata fedha za kununulia nyasi zilizokatwa na dawa kwa ajili ya wale wachache atakaowabakiza. Huyo hakuacha hesabu ya wazee, ameiongeza.

UA NA NJIA YA NG'OMBE

Kuna jambo jingine ambalo limebadilika, nalo ni kubwa kuliko mvua. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na kila mwanachama akapata kipande chake. Wengi walifurahi, na walikuwa na haki, kwa sababu hatimiliki ni ngao ya mtu. Lakini vipande viligawanywa tena na kuuzwa. Nyumba, machimbo na ua vikaongezeka. Viwanda vya Athi River navyo vilileta maelfu ya watu watafutao kazi na makao. Watu wa Kaunti ya Kajiado, ambao mwaka 2009 walihesabiwa 687,312, mwaka 2019 walikuwa 1,117,840, na mji wa Kitengela peke yake ulikuwa na zaidi ya 150,000.

Matokeo yake ni kwamba ile kinga ya kwanza ya wazee, yaani kuhama, imefungwa na seng'enge. Mfugaji aweza kujua kwa hakika kwamba malisho yako upande wa pili, asiwe na njia ya kufika. Hapo maarifa peke yake hayamsaidii, kwa kuwa kuijua hatari ni jambo moja na kuwa na uwezo wa kuikimbia ni jambo jingine. Kuanzia mwaka 2000, katika uwanda wa Kitengela, ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi karibu dola nne za Marekani kwa ekari kila mwaka ili wasijenge ua, wanyama wa porini watokao katika Hifadhi ya Nairobi wapate kupita. Mpango huo ulikusudiwa wanyama wa porini, lakini nchi iliyo wazi kwa nyumbu ni wazi kwa ng'ombe pia, na fedha zake zilisaidia watu wengi kulipa karo za watoto wakati mifugo ilipokuwa haiuziki. Wenye vipande vinavyopakana wafanye mapatano ya kuachiana njia, na mapatano hayo yafanywe wakati wa mvua, mioyo ingali na utulivu. Wakati wa kiangazi watu hawapatani, hugombana.

MAJI YA KITENGELA

Nageuka sasa kwa ndugu zangu wa mjini. Masika ya 2024 yaliwafundisha watu wa Kenya kwa ukali. Zaidi ya watu 250 walikufa nchini. Mwezi wa Aprili maji yalifurika katika Athi River na Kitengela, yakaingia majumbani, na watu waliozingirwa ilibidi waokolewe. Tarehe 29 Aprili, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, baada ya njia yake ya chini kuziba, yalipasuka usiku yakachukua nyumba na watu wake. Shule zilichelewa kufunguliwa kote nchini mpaka tarehe 13 Mei. Serikali iliwaamuru watu waliokaa karibu na mabwawa na malambo 178 waondoke katika muda wa saa 24.

Wengine waliondoka, wengine hawakuondoka. Je, wale waliobaki walikuwa wakaidi? Tuisikilize na hesabu yao. Mtu amelipa kodi ya mwezi, hana nyingine ya kulipa mahali pengine. Akiiacha nyumba, wezi watachukua godoro na jiko. Kazi yake iko kiwandani, na asipofika kwa siku mbili nafasi yake hupewa mwingine. Mwenye kiwanja amekinunua kwa mkopo wa chama, na hana pengine pa kwenda. Na zaidi ya hayo yote, amekaa hapo miaka mitano na maji hayajamfikia. Hilo la mwisho ndilo lenye hatari kubwa. Miaka mitano ni mingi katika maisha ya mtu, lakini ni michache mno katika maisha ya mto. Mto una kumbukumbu ya njia yake, hata kama haukuipita tangu babu zetu.

Hapa mgeni na mwenyeji wangeweza kufaana sana. Mzee aliyechunga ng'ombe katika uwanda ule akiwa kijana ajua ni bonde gani lililojaa maji mwaka 1961, na tena wakati wa mvua za El Niño mwaka 1997. Mgeni hanunui maarifa hayo pamoja na kiwanja. Hayamo katika hatimiliki. Kabla ya kulipa shilingi moja, muulize mzee wa mahali hapo: Maji ya masika hupita wapi? Swali hilo halina gharama, na jibu lake laweza kuokoa nyumba nzima.

Tena kuna methali isemayo kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini Kitengela haitoshi. Mvua yaweza kunyesha Ngong usiku, ninyi mkaona nyota juu ya paa zenu, na asubuhi mto ukaja umejaa. Msitazame mawingu yenu tu. Sikilizeni habari za juu ya mto.

FUNDISHO LA PWANI

Ndugu zetu wa pwani walipatwa na mfano wa jambo hili hili. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba tufani kubwa za Bahari ya Hindi hupiga Madagaska na Msumbiji tu, wala hazifiki huku karibu na ikweta. Imani hiyo ina msingi, kwa maana ni nadra kweli. Lakini tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Zanzibar. Minazi na mikarafuu mingi mno ya Unguja ikang'olewa, na merikebu za Sultani Barghash zikaangamia bandarini. Kisiwa cha Pemba kiliponea, na tangu hapo Pemba kikawa mahali pakuu pa karafuu. Miaka 80 ikapita. Tarehe 15 Aprili 1952, siku ile ile ya mwaka, tufani nyingine ikaupiga mji wa Lindi huko Tanganyika na kuua watu. Mtu aliyezaliwa baada ya ile ya kwanza aliweza kuishi maisha yake yote, akazeeka na kufa, akiamini kwamba jambo hilo haliwezi kutokea.

Mwezi wa Mei 2024 tufani iliyoitwa Hidaya iliikaribia pwani ya Tanzania upande wa kisiwa cha Mafia, na watu wa pwani ya Kenya nao walionywa. Ilipofika nchi kavu ilikuwa imepungua nguvu. Wavuvi wengine walitii wakavuta vyombo vyao juu, na wengine wakasema baadaye, "Tumetishwa bure." Hapo ndipo penye mtihani. Chombo kilichovutwa juu na tufani isifike hakikupoteza kitu ila siku chache za uvuvi. Chombo kilichoachwa majini na tufani ikafika hakirudi.

JINSI YA KULISIKIA ONYO

Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu, nao huelezwa kwa uwezekano. Wakisema kwamba kuna asilimia 60 ya mvua kupita kawaida, hawakuapa kwamba itapita. Wamesema kwamba katika misimu kumi iliyo kama huu, sita yaweza kuwa na mvua nyingi, na minne isiwe nayo. Kwa hiyo utabiri kutotimia mara moja hakumfanyi mtabiri kuwa mwongo.

Lakini ni kweli pia kwamba onyo lisilotimia hupunguza imani. Mwaka 2015 tulionywa juu ya El Niño, na katika sehemu nyingi watu waliona mvua pungufu kuliko walivyotazamia. Mwaka 2023 onyo lilitolewa tena. Halafu mwanzoni mwa Oktoba kukasemwa hadharani kwamba mvua haitafikia kiasi kile. Na kabla mwaka haujaisha mafuriko yakaua watu zaidi ya 150 nchini. Mwananchi aliyesikia maneno mawili yasiyopatana huchagua lile linalomfaa, na aghalabu humfaa lile lisemalo kwamba asihame. Basi wanaotoa habari wana wajibu wa kusema neno moja, kulisema kwa lugha ieleweyo, Kimaasai na Kiswahili, na kusema nini kitendwe, si kutisha tu. Na anayeonywa ana wajibu wa kuuliza: Nikitii na hatari isije, nitapoteza nini? Nisipotii nayo ikaja, nitapoteza nini? Akiyaweka majibu hayo mawili katika mizani, mara nyingi ataona upande ulio mzito.

YAFAAYO KUTENDWA

Kwanza, kwa mfugaji. Mamlaka ya Taifa ya Kusimamia Ukame hutoa habari za Kajiado kila mwezi, na husema kama hali ni ya kawaida, ya tahadhari, ya hatari, au ya dharura. Habari ikigeuka kuwa tahadhari, hapo ndipo pa kuuza sehemu ya kundi. Zikifika siku za dharura, mnunuzi ndiye atakayesema bei. Amua mapema, mbele ya jamaa yako, ni ng'ombe wangapi watakaotoka na kwa dalili gani, ili siku ikifika pasiwe na ubishi.

Pili, rudisheni olopololi, hata katika kipande kidogo. Nyasi zikatwe baada ya masika na kuhifadhiwa mahali pakavu. Akiba haiozi, isipokuwa iliyonyeshewa.

Tatu, kwa ajengaye. Asijenge katika mkondo wala ukingoni mwa mto. Ainue msingi, na aache njia ya maji kati ya nyumba yake na ya jirani. Mifereji na njia za maji chini ya barabara zisafishwe kabla ya Machi na kabla ya Oktoba. Taka zilizotupwa katika mfereji mwezi wa Januari ndizo zileteazo nyumba ya jirani maji mwezi wa Aprili.

Nne, kwa wote. Vyeti vya kuzaliwa, hatimiliki na vitambulisho viwekwe pamoja katika mfuko usiopenya maji, na watoto wajue ni mahali gani pa juu watakapokimbilia. Asijaribu mtu kuvuka maji yaendayo kasi. Maji hayo yakifika magotini yaweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika sentimita 60 yaweza kuichukua motokaa. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupatikana kwa simu 1199.

Tano, na hili ni kwa majirani. Katika kila mtaa kuna mama aliyejifungua juzi, kuna mzee asiyeweza kutembea, kuna mlinzi wa usiku asiyesikia redio. Na ijulikane mapema ni nani atakayemgongea nani. Na vijana wachache wapewe kazi ya kulinda nyumba za walioondoka, maana wengi hubaki ndani ya maji kwa kuwaogopa wezi. Mkiwaondolea hofu ya wezi, mmewapa miguu ya kuondoka. Hiyo nayo ni osotua, ijapokuwa wahusika ni Mmaasai, Mkamba, Mkikuyu na Mluo.

Wazee wangu na ndugu zangu, kiangazi kitarudi, na gharika itarudi. Hapana serikali wala mganga awezaye kuzizuia zisije. Lakini kiasi cha hasara hakikuandikwa mawinguni. Kimo katika mashauri tunayoyafanya wakati anga ni jeupe na mto umelala. Mwaka ujao mvua ikiwa njema, na watu wakasema kwamba tumejihangaisha bure kwa kuweka nyasi, kusafisha mifereji na kuvuna maarifa ya wazee, msiwaonee haya. Nyasi zitaliwa, mifereji itatumika, na maarifa hayataoza.